Mvua Haihami na Mkulima

Umoja wetu wa ushirika umetimiza miaka 10, na katika kitabu hiki cha ukumbusho wenzetu wamekwisha andika habari za maghala, za mizani, za hesabu na za masoko. Sisi tumeonelea tuandike habari ya jambo lililo kongwe kuliko hayo yote, nalo ni mvua. Na hasa jinsi mvua ilivyowatendea watu waliohama kutoka upande mmoja wa nchi yetu kwenda upande mwingine. Hatukuichagua habari hii kwa kujifurahisha. Kila mwanachama anayefuata njia kuu ya Bagamoyo, akavuka Mto Mpiji na kuingia Mapinga, anaona kwa macho yake jinsi mikorosho na minazi inavyopungua na kuta za viwanja zinavyoongezeka. Mji wa Dar es Salaam umetufikia mlangoni. Baadhi yetu wamekwisha uza mashamba, wengine wanafikiri kuuza, na neno linalosikika barazani ni moja: "Nitauza ekari zangu mbili hapa, nikanunue ishirini kule." Kule kwenyewe huenda kukawa Ruvuma, au Lindi, au Kilombero, au Handeni. Hesabu ya ekari ni nyepesi, kila mtu aiweza. Hesabu ya mvua ndiyo nzito, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza, tukisaidiwa na mambo yaliyowapata waliotutangulia.

Tuanze na kalenda yetu wenyewe, maana mtu asiyekijua cha kwake hawezi kukipima cha mwenziwe. Sisi wa mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam tuna mvua mbili kwa mwaka. Masika huanza mwezi Machi na kukoma mwezi Mei. Vuli huanza mwezi Oktoba na kukoma mwezi Desemba. Baada ya masika huja kipupwe, wakati wa baridi kidogo na upepo wa kusi. Na baada ya vuli huja kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma. Wazee wetu waliyajua haya pasipo kuandikiwa, kwa kuwa pepo hizo hizo ndizo zilizoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na ndizo zilizoyarudisha. Mkulima wa Mapinga hupanda mahindi mwezi Machi, akavuna Julai au Agosti. Tena akapanda Oktoba, akavuna Januari au Februari. Vuli si mvua ya kuaminiwa sana, miaka mingine hufurika na miaka mingine hupita kama mgeni asiyeketi. Hata hivyo, masika ikimnyima mkulima, anangoja vuli. Na vuli ikimnyima, anangoja masika. Katika mwaka mmoja ana bahati mbili.

Sivyo ilivyo kila mahali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huigawa nchi yetu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mvua mbili: humo mna Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, Arusha na Manyara, upande wa kaskazini wa Morogoro, na nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Fungu la pili ni la mvua moja tu, inayoanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili: humo mna Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi, Mtwara, na upande wa kusini wa Morogoro. Mvua hiyo moja huitwa msimu.

Sababu yake yaeleweka. Mvua hulifuata jua. Jua linapokwenda kusini hupita juu ya vichwa vyetu karibu na mwanzo wa Oktoba, na linaporudi kaskazini hupita tena karibu na mwanzo wa Machi. Ukanda wa mvua hufuata nyuma yake, ukatupitia mara mbili. Kule kusini zaidi, kwenda na kurudi kwa jua kumekaribiana, hata mvua mbili zikaungana zikawa moja. Lakini mtu asidhani kwamba yatosha kutazama ramani na kupima umbali wa kusini. Dodoma na Bagamoyo ziko karibu katika mstari mmoja, wala Dodoma haiko kusini kuliko sisi. Hata hivyo Dodoma ina msimu mmoja, nao hautimizi milimita 600 kwa mwaka wa wastani, ambapo Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100. Bahari, milima na mwinuko wa nchi vina neno lao. Basi majirani wawili katika ramani huenda wasiwe majirani katika mvua.

Mji wetu wa Bagamoyo ulilijua jambo hili zamani sana, kwa sababu ulikuwa mlango wa misafara ya bara katika karne ya 19. Wapagazi wengi walioleta pembe za ndovu walikuwa Wanyamwezi, na Wanyamwezi hao walikuwa wakulima kabla ya kuwa wapagazi. Kwao Unyamwezi mvua ni moja, nayo huanza mwezi Novemba. Kwa hiyo mtu alivuna, akajitwika mzigo wakati wa kiangazi cha kwao, akateremka pwani, na akaona ni jambo la lazima kurudi nyumbani kabla mvua ya kwanza haijaanguka, ama sivyo watu wa nyumba yake wangelala njaa mwaka mzima. Mfanya biashara aliyekuja pwani asiyeijua kalenda hiyo alishangaa kwa nini wapagazi hupatikana kwa wingi mwezi huu na kwa shida mwezi ule. Haukuwa ukaidi, ilikuwa ni jembe linawaita.

Linganisheni na safari ya Henry Stanley, aliyekwenda kumtafuta Dokta Livingstone. Alifika Unguja mwezi Januari 1871, na msafara wake wa mwisho ukaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, yaani masika ikiwa mlangoni. Alikuwa ameonywa juu ya masika, akatumaini kuitangulia. Haikutangulika. Ilimkuta katika bonde la Mkata, njia ya kwenda Kilosa, nchi ikawa bahari ya matope, wanyama wa mizigo wakafa na watu wakaugua homa. Mtu huyu alikuwa na fedha, bunduki na vitambaa tele, lakini katika jambo la mvua mpagazi mwenye kaniki moja alikuwa mwalimu wake.

Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 1872, mwambao huu ulipata fundisho la namna nyingine. Kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kutufikia Bagamoyo. Majengo ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika hapa mwaka 1868, yalibomolewa kwa wingi. Na huko Unguja mikarafuu mingi sana iling'olewa. Pemba, iliyo ng'ambo ya mkono mmoja wa bahari, iliepuka kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Visiwa hivi viwili vina masika ile ile na vuli ile ile. Aliyeuliza habari za mwaka wa kawaida tu asingeona tofauti. Tofauti ilionekana siku ya mwaka mbaya. Wala tusiseme kwamba hayo yalikuwa ya kale: mwezi Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia. Kwa hiyo anayetaka kuhama asiulize tu, "Huku mvua hunyesha lini?" Aulize pia, "Mwaka mbaya huku huwaje?"

Sasa tuseme juu ya kosa kubwa kupita yote, lililotendwa na watu wenye elimu na mali. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe chini ya John Wakefield kuitazama Afrika ya Mashariki. Ukazunguka muda wa wiki 9, sehemu nyingine ukiziangalia kutoka katika ndege, ukarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947, na Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ikafanywa makao yake makuu. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, maelfu ya watu wakahamia huko kutafuta kazi. Lakini msimu wa Kongwa ni mmoja, ni mfupi, tena ni wa kigeugeu. Na mvua ikikoma, udongo wake hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, hata karanga haziwezi kung'olewa. Mwaka 1949 ukame ukawapiga. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, fedha zaidi ya paundi milioni 36 zikiwa zimepotea.

Twawaomba wanachama walitafakari jambo moja katika habari hiyo. Wagogo walikuwapo. Walikuwa wakipanda uwele na mtama, mazao yavumiliayo kiu, na wakiweka tegemeo lao kubwa katika ng'ombe. Mazao hayo yalikuwa ni barua iliyoandikwa wazi juu ya ardhi, ikisema: "Mvua ya hapa haiaminiki." Waliokuja hawakuisoma. Aendaye kununua shamba ugenini asitazame udongo mweusi na bei ndogo peke yake. Atazame wenyeji wanakula nini, wanahifadhi nini, na wanafuga nini. Zao la mwenyeji ni ushahidi wa miaka mingi, na shahidi huyo hapokei rushwa.

Karibu zaidi na sisi, katika mkoa wetu huu wa Pwani, yapo mambo ya Rufiji. Mto Rufiji huchukua maji ya mbali: Ruaha Mkuu kutoka nyanda za Mbeya na Iringa, Kilombero na Luwegu. Mafuriko huweza kufika bondeni hali wingu la mahali penyewe ni jembamba. Warufiji walizoea kupanda mpunga kabla ya mafuriko, na maji yalipopungua wakapanda tena mahindi na mazao mengine katika unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Walilala katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa mno, na baada yake serikali iliwahamishia wakazi wa bonde katika vijiji vya nchi ya juu. Nia ilikuwa njema, maana maisha ya watu yalikuwa hatarini, na huko juu shule, zahanati na barabara zilikuwa rahisi kufikishwa. Lakini udongo wa juu ulikuwa wa kichanga na ulitegemea mvua peke yake, na mashamba mema yalibaki chini. Watu wengi wakawa na nyumba juu na tumbo chini. Msimu ulipofika wakateremka kuyarudia madungu yao. Mtu alikuwa amehamishwa, lakini kalenda yake haikukubali kuhama.

Jambo hilo lilirudiwa kwa upana zaidi. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Wazee wengi wanaosoma maneno haya walikuwa vijana siku hizo, nao wanakumbuka malori na mizigo yake. Wakati ule ule ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umeishika nchi, na serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Hatusemi kwamba kuhama ndiko kulikoleta ukame, la hasha. Twasema kwamba mtu aliyehamishwa karibu na wakati wa kupanda, akawekwa katika udongo asioujua, alikuwa mnyonge mara mbili ukame ulipomkuta. Mwezi wa kuhama una uzito kama mahali pa kuhamia.

Basi tuyachukue hayo yote tuyatie katika hesabu ya mwanachama mmoja wa leo. Tuseme amevuna mahindi ya vuli hapa Mapinga mwezi Februari, ameuza shamba, naye anafika Ruvuma mwezi Machi akiwa na fedha mkononi. Kwa kalenda yetu, Machi ni mwezi wa kupanda. Kule anakuta mahindi ya wenyeji yamesimama na yanakaribia kukomaa, na mvua imebakiza wiki chache. Hawezi kupanda. Atangoja hadi mwisho wa Novemba, yaani miezi 8. Kisha atapanda, na atavuna Mei au Juni ya mwaka unaofuata. Tangu siku aliyofika hadi siku ya kula mahindi yake mwenyewe ni kama miezi 15. Muda huo wote yeye na wanawe wanakula ile bei ya shamba. Wapo waliofika msimu wa kwanza hawana tena fedha ya mbegu wala mbolea, hali ekari 20 zinawatazama. Lakini huyo huyo angehama mwezi Septemba, angefika kiangazini, akafyeka, akajenga, na mvua ya kwanza ingemkuta na jembe mkononi. Tena ajue kwamba huko msimu ukimnyima hakuna vuli ya kumfariji.

Hesabu hii huwapata pia wageni wanaokuja kwetu. Wapo ndugu waliotoka mikoa ya msimu mmoja, wakanunua mashamba hapa. Mvua ya Novemba inapoanguka wanafurahi, wakapanda mahindi ya muda mrefu mwisho wa mwezi kama walivyozoea kwao, wakitumaini kwamba mvua itaendelea hadi Aprili. Ikifika Januari kaskazi inavuma, jua linakaza, na mahindi yanakauka kabla hayajatia punje. Tusiwacheke. Yapasa kila chama cha msingi kimpe mwanachama mgeni kalenda ya hapa siku ile ile anapoandikwa jina lake.

Hata mti mmoja hubadili tabia chini ya mbingu mbili. Mkorosho wa Mtwara na mkorosho wa Bagamoyo ni ndugu wa damu. Wa Mtwara huvunwa kwa sehemu kubwa kabla ya msimu kukolea, korosho zikaanguka juu ya ardhi kavu. Wa kwetu hudondosha korosho zake vuli ikiwa inanyesha. Zikiachwa chini siku mbili tatu hulowa, zikaota ukungu, zikashuka daraja. Kwa hiyo mkulima wetu hana budi kuokota kila siku, kuanika vema na kupeleka ghalani mapema. Hasara ya bei ambayo wengine huihesabu kuwa uvivu wa watu wa Pwani, nusu yake ni kalenda. Na dawa yake ni bidii iliyopangwa kwa kalenda hiyo, si kwa kalenda ya Mtwara.

Tofauti si ya mikoa ya mbali tu. Katika nchi yetu hii ya Bagamoyo na Chalinze, kadiri mtu anavyoiacha bahari na kwenda bara, mvua huelekea kupungua. Mpunga wa bonde la Ruvu husikiliza mvua ya milima ya Uluguru kuliko wingu lililo juu yake, kwa kuwa mto huo huzaliwa huko. Mwezi Oktoba 2022 Ruvu ulipungua hata Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu. Na mwishoni mwa mwaka 2023 vuli ikaja kwa nguvu nyingi, miezi ya mafuriko. Katika muda wa miezi 15 mto ule ule ulikuwa maskini na tajiri.

Hatuandiki haya kumzuia mtu kuhama. Nchi ni yetu sote, na historia yetu ni historia ya watu waliohama. Wanyamwezi waliobaki mwambao baada ya siku za misafara walijifunza kupanda mara mbili, na wajukuu wao leo ni wanachama wenzetu. Waliofaulu ni wale waliowauliza wenyeji na kukubali kuwa wanafunzi. Kwa hiyo twamwusia mwanachama mwenye nia ya kuhama: asiuze shamba lote kwa siku moja, aende akaone kule anakotaka wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, si mwezi mmoja tu, aulize mvua huanza na kukoma lini, mwaka mbaya wa mwisho ulikuwa upi na watu walikula nini, aulize maji ya mto hutoka wapi, na achague mwezi wa kufika ili asile bei ya shamba lake. Kama yawezekana, nusu ya jamaa wabaki hapa mwaka wa kwanza. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nao viongozi wa ushirika wana wajibu wao. Katika miaka 10 tumejifunza kupima mazao kwa mizani iliyo sawa. Katika miaka 10 ijayo yafaa kila ghala liwe na kipima mvua na daftari lake, mvua ya kila siku iandikwe kama yanavyoandikwa magunia, ili mjukuu wetu atakapouliza habari za Mapinga asipewe kumbukumbu za barazani peke yake. Ardhi yaweza kuuzwa na kununuliwa. Mvua haina hati, haina dalali, wala haimfuati mwenye kuhama; kila anakokwenda mtu ataikuta ya huko ikimngoja, na itamtendea kwa kadiri alivyoiuliza habari zake mapema.

Mwenyezi Mungu atujalie masika ya rehema na vuli ya kutosha, na auimarishe ushirika wetu.